Tafakuri ya Leo, Ramadhani 18: Funga Yako Usimgawie Kocha



Ndugu zangu, wazee wangu na dada zangu wa msikiti wetu hapa Mwanga, na nyinyi mnaotusoma kutoka Ujiji, Gungu, Katubuka na Kibirizi, na mlioko safarini. Allah azikubali funga zetu na awaponye wagonjwa wetu. Aamin.

Leo nina maneno kidogo kuhusu mpira. Najua kuna watakaosema, "Ustadhi naye kaingia huko?" Nivumilieni. Si mimi niliyeuleta mpira msikitini, nimeukuta mlangoni.

Juzi baada ya tarawehe nilichelewa kutoka. Kufika nje nikakuta watu wamesimama duara, sauti ziko juu. Moyo ukapiga, nikadhani imekuja habari ya msiba. Kumbe wanamjadili kocha. Kwa nini alimtoa yule, kwa nini alimwingiza huyu, kwa nini mabadiliko kayafanya dakika za jioni. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ila maneno yakapanda. Mmoja akamwambia mwenzake, "Nyamaza wewe Utopolo." Mwenzake akamjibu, "Toka hapa, Kolo mkubwa." Wote wawili ni watu wazima wenye familia, na dakika tano nyuma walikuwa safu moja, bega kwa bega. Jana nikaangalia. Mmoja kahamia safu ya mwisho, na walipopishana kwenye kutawadha hakuna aliyetoa salamu.

Jamani, salamu imekatika ndani ya Ramadhani kwa sababu ya mtu ambaye hata hawajui kuwa wapo.

Nataka nieleweke. Kupenda timu si dhambi, na kutoa maoni juu ya kocha si dhambi. Mtu amelipa kiingilio, ana kadi ya uanachama, ana macho. Akisema "leo kocha alichelewa kufanya mabadiliko", hayo ni maoni na ana haki nayo. Tunachokitazama leo ni pale maoni yanapogeuka kuwa hukumu juu ya mtu, tena hukumu bila elimu.

Nianze na mimi mwenyewe, ili asije mtu akadhani namsema yeye.

Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021. Zilikuwa siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Wageni walijaa mji mzima. Yanga wakabaki kumi baada ya Mukoko Tonombe kupewa kadi nyekundu, na kipindi cha pili Taddeo Lwanga akafunga bao la pekee. Kombe likaenda Msimbazi.

Jioni ile ile hukumu ikatoka kijiweni kwetu. Kocha wa Simba, Mfaransa Didier Gomes, akapewa sifa zote za dunia. Kocha wa Yanga, Mtunisia Nasreddine Nabi, aliyekuja Aprili tu ya mwaka ule, akaambiwa afunge begi. Na mimi nilikuwemo. Nilisema kwa mdomo wangu huu, "Huyu si kocha, wametuletea mtalii." Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kwa sababu nimechekesha. Kisha nikairekodi kwa sauti nikairusha kwenye magrupu.

Sasa tazameni mambo yalivyokwenda. Oktoba ya mwaka ule ule Simba walitolewa Ligi ya Mabingwa na Jwaneng Galaxy ya Botswana. Walikuwa wameshinda 2-0 ugenini, wakaja kufungwa 3-1 Dar es Salaam. Siku mbili baadaye Gomes hakuwa kocha wa Simba tena. Tangu anyanyue kombe hapa Kigoma ilikuwa imepita miezi mitatu tu. Na yule niliyemwita mtalii? Msimu uliofuata, 2021/22, Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Wakafika mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu walipowasimamisha Novemba 2022. Na mwaka 2023 akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Siyasemi haya ili tumcheke Gomes. Yule msimu ule ule aliondoka na ligi na kombe, na Simba wakafika robo fainali ya Afrika. Nasema kwamba sisi tuliokaa kijiweni jioni ile hatukujua lolote, si juu ya huyu wala yule. Na bado tuliongea kama watu waliosoma kilichoandikwa. Siku Yanga wanasherehekea ubingwa, mimi nilikuwa barabarani napiga kelele za furaha. Sikukumbuka hata kidogo kwamba nina deni na yule mtu.

Allah ametukataza katika Suratul Israa, aya ya 36, tusifuate jambo tusilolijua, na akatuambia kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Hebu jiulize: wewe uko Mwanga, kocha yuko Dar es Salaam. Hujaona mazoezi hata ya siku moja. Hujui nani alilala na homa, nani ana msuli umevuta, nani kagombana na nani, nani kafiwa. Unaona dakika tisini. Yeye ameona wiki nzima.

Nitakupeni mfano mwingine wa hapa hapa, na huu uliangukia ndani ya Ramadhani. Aprili 2024, siku za mwisho za mwezi, Mashujaa wetu waliwatoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho pale Lake Tanganyika, kwa penati 6-5. Kwa sisi wa Kigoma ilikuwa furaha kubwa. Lakini kumbukeni midomo ilivyofanya kazi kuanzia hapo, watu wamefunga, juu ya kocha wa Simba wakati ule, Mwaljeria Abdelhak Benchikha. Mwisho wa mwezi ule ule klabu ikatangaza kwamba ameondoka kwa sababu za kifamilia. Kumbe mtu alikuwa na jambo la nyumbani kwake. Sisi tulikuwa tunamhesabia penati.

Tuje kwenye dini yetu, kwa sababu haya ya kulaumu uteuzi na maamuzi hayakuanza na Simba na Yanga.

*Jambo la kwanza ni Uhud.* Mwaka wa tatu wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliwataka ushauri masahaba. Rai yake ilikuwa wabaki Madina wajilinde. Vijana wengi waliokosa Badr wakataka kutoka nje kukutana na adui, na Mtume akatoka. Akawapanga wapiga mishale hamsini juu ya kilima, akawaamuru wasiondoke hata iweje. Wengi wao walipoona ushindi umekaribia walishuka kufuata ngawira. Mnajua yaliyofuata. Masahaba karibu sabini wakawa mashahidi, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Kwa hesabu zetu za kijiweni, hapo ndipo mahali pa kusema "niliwaambia mimi", na wale wachezaji walioharibu mpango wafukuzwe wote. Lakini Allah katika Aal Imran, aya ya 159, alimwelekeza Mtume wake awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kuwashauri katika mambo, na akishaazimia amtegemee Allah. Wale wale ambao rai yao iliwatoa nje ya mji, Allah anasema endelea kuwashauri. Huo ndio uongozi, na hiyo ndiyo adabu baada ya kufungwa.

*Jambo la pili ni Usama bin Zayd.* Mwishoni mwa uhai wake, Mtume (s.a.w.) alimteua kijana huyu, hajafika hata miaka ishirini au ndiyo kwanza anafika, aongoze jeshi lenye masahaba wakubwa ndani yake. Watu wakaanza kusema. Mbona mdogo? Mbona si fulani? Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume aliwakumbusha kuwa baba yake Zayd naye walimsema vile vile alipopewa uongozi, na akathibitisha kwamba wote wawili, baba na mwana, walistahili. Baada ya Mtume kufariki wapo waliotaka Usama abadilishwe. Abubakar (r.a.) akakataa. Jeshi likaenda na Usama na likarudi salama.

Tazama hapo. Waliolalamika hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na uzoefu wa vita kuliko sisi tulivyo na uzoefu wa mpira. Na bado walikosea, kwa sababu aliyeteua alikuwa anaona wasichokiona.

Sasa nije kwenye kinachoniogopesha zaidi, na ndiyo sababu ya kichwa cha tafakuri hii. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume aliwauliza masahaba kama wanamjua muflisi. Wakajibu kwamba ni asiye na fedha wala mali. Yeye akawaeleza kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya mwingine, akampiga mwingine. Basi mema yake yatachukuliwa wagawiwe wale aliowadhulumu, na yakiisha kabla deni halijaisha, atabebeshwa madhambi yao.

Ndugu yangu, unafunga kuanzia alfajiri. Jua la Kigoma unalijua. Unabeba mizigo sokoni, unaendesha bodaboda, unakaa kwenye mtumbwi usiku kucha unavua dagaa na kulipokucha umefunga. Halafu saa kumi jioni, kwa sentensi moja ya kumtukana kocha, unaifungasha funga yote ile unamgawia yeye. Angalau ungemgawia mtu wa mtaani kwako, ukamwomba radhi. Huyu ameshapanda ndege. Robertinho aliondoka Simba Novemba 2023, siku chache baada ya kufungwa 5-1 na Yanga. Gamondi aliondoka Yanga Novemba 2024 baada ya kufungwa mechi mbili mfululizo, na Azam kisha na Tabora United, ilhali msimu uliopita alikuwa amechukua ligi. Viongozi wa klabu wana sababu zao na watazijibia wao. Mimi nauliza hili: wewe uliyewatukana, leo utawapata wapi uwaombe radhi? Na usiniambie huyo si Muislamu. Dhulma ni haramu kwa kila mtu, na Allah katika Suratul Maida, aya ya 8, anatukataza chuki yetu kwa watu isitutoe kwenye uadilifu.

Hao wako mbali. Nimalizie na wa karibu.

Miaka kumi na kitu iliyopita mtaani kwetu tulikuwa na timu ya vijana, na mzee mmoja akiifundisha bila malipo. Mipira akinunua mwenyewe. Siku moja tukafika fainali ya kugombea mbuzi. Tulikuwa na kijana mmoja mkali sana, kila mtu anamtaka. Mwalimu akamweka benchi mechi nzima. Tukafungwa. Tulimzomea yule mzee tangu uwanjani mpaka karibu na mlango wa nyumba yake. Wengine wakasema ana ubaguzi, wengine wakasema kala hela. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Mwalimu hakujibu neno. Wiki iliyofuata akatuma filimbi na mipira kwa mjumbe, na hakufundisha tena. Timu ikafa.

Ramadhani hii, kwenye futari, nilikaa na yule kijana. Sasa ni baba wa watoto. Tukaikumbuka mechi ile, nikamwambia kwa utani, "Mwalimu alikuonea bwana." Akaacha kula. Akaniambia, "Hakunionea. Siku ile nilikuwa sijala tangu juzi yake. Nyumbani kulikuwa hakuna kitu. Mwalimu aliniona nayumba wakati wa kupasha misuli, akaniuliza pembeni, nikamwambia. Akanipa hela ninywe uji, akaniambia kaa benchi, na hili libaki kati yetu." Kijana ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake.

Ndugu zangu, yule mzee angeweza kusema sababu tukanyamaza wote pale pale. Hakusema, kwa sababu angeiaibisha nyumba ya watu. Akachagua kubeba matusi yetu miaka yote hii.

Juzi hiyo hiyo, baada ya kuwaacha wale wawili mlangoni, nilikwenda kwake. Nikampa salamu, nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja kuomba radhi kwa ya siku ile ya mbuzi." Alicheka kidogo. Akasema, "Mwanangu, nyinyi nilishawasamehe siku nyingi. Nilichoumia ni wale watoto wadogo waliokuwa wanakuja mazoezini. Hawakupata mtu mwingine." Sikuwa na jibu. Radhi nimeipata, alhamdulillah, lakini wale watoto siwezi kuwarudishia miaka yao.

Basi tuchukue mambo matatu ya kufanyia kazi kuanzia leo:

*1. Sema kitendo, muache mtu.* "Mfumo wa leo haukufaa" ni maoni. "Kocha hana akili" ni tusi. "Nadhani angeanza na fulani" ni maoni. "Kahongwa huyo" bila ushahidi ni kumsingizia mtu. Ukiwa na shaka lipo upande gani, lishushe tu, halitakuua.

*2. Majina ya kejeli yaishie nje ya mdomo wako.* Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuudhi. Utopolo na Kolo ni majina ya kuudhi, na sote tunajua, ndiyo maana tunayatumia. Utani wa jadi una mipaka yake: ukiona mwenzio uso umebadilika, utani umekwisha. Tusijidanganye.

*3. Kabla ya kurusha, nyamaza kwa muda wa kuvuta tasbihi moja.* Ile sauti yangu ya "mtalii" bado inazunguka, sijui iko kwenye simu ngapi. Neno la mdomoni linaishia pale mliposimama. La kwenye grupu unaweza kufa ukaliacha linaendelea kukuandikia.

Na kazi maalumu ya leo. Tuko kwenye kumi tunaloliita la maghufira, na limebaki kidogo. Kabla ya adhana ya magharibi, mtafute mtu mmoja uliyemsema vibaya kwa sababu ya mpira. Anaweza kuwa mwalimu wa timu ya watoto, mwamuzi wa mtaani, jirani wa timu pinzani. Mpigie au mfuate. Usitoe hotuba ndefu, sema tu, "Nilikukosea, niwie radhi." Aliye mbali usiyeweza kumfikia, muombee dua ya heri na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Mimi leo naanza: Nasreddine Nabi ni kocha mwenye uwezo, nilimsema bila elimu, na natubu kwa Allah. Mlio na ile sauti, tafadhali ifuteni.

Na wale ndugu zangu wawili wa juzi, nyote mmo humu kwenye channel na mnajijua. Sitawataja. Leo usiku nitaweka sahani moja ya futari pale barazani, migebuka na ndizi, na nimewatengea nafasi mbili. Anayetangulia kutoa salamu ndiye bora, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Sitauliza nani kashinda.

Ewe Mola wetu, tulindie ndimi zetu kama ulivyotujaalia kuyalinda matumbo yetu. Tusamehe tuliyoyasema bila kujua, na walainishie nyoyo wale tuliowadhulumu watusamehe kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Wape kheri wazee wetu wanaowalea vijana wetu bila malipo. Aamin.

Tukutane tarawehe, inshaAllah. Wabillahi tawfiiq.